Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya udaktari: mwenye alama ndogo mwambieni ukweli kabla hamjachukua hela yake

Kwa: Wakuu wa vyuo vya udaktari, wenyeviti wa kamati za udahili, na wote mnaosimamia mitihani ya kujiunga na vyuo hivyo.

YAH: NAFASI YA MWOMBAJI MWENYE ALAMA NDOGO KWENYE MTIHANI WA KUJIUNGA

Waheshimiwa, salamu nyingi na poleni na majukumu.

Husikeni na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mlezi wa binti aliyeomba udaktari akiwa na alama ndogo kwenye mtihani wa kujiunga. Hajafeli, nasisitiza, ana alama ndogo, na hiyo tofauti ntaieleza huko mbele kwa sababu imetuumiza sana. Nimeshalalamika kwa utaratibu mnaoutaka, nimeandika baruapepe ofisi ya udahili, nimepiga simu, nimejaza kile kifomu cha malalamiko, nikaambiwa nisubiri kamati ikae, kamati ikakaa, nikaambiwa masuala ya mwombaji mmoja mmoja hayajadiliwi. Haya. Kama la mmoja halijadiliwi basi tuliongelee la wote na tuliongelee hadharani. Chuo sikitaji jina maana nimeongea na wazazi na walezi wa watoto walioomba vyuo vingine kabisa na stori ni ile ile, kwa hiyo anayesoma hapa akiona inamhusu basi inamhusu.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya. Siombi mtu apewe nafasi ya udaktari kwa huruma, na mimi ni mgonjwa wa kesho kama mtu mwingine yeyote, nataka daktari anayejua kazi. Ninachoomba ni kwamba mwenye alama ndogo aambiwe wazi nafasi yake ikoje kabla hajalipa ada ya maombi, na kama mnasema nafasi ipo basi iwepo kweli, faili lake lifunguliwe lisomwe na mtu. Kero zangu ni hizi.

1. Mnatoza ada watu ambao mfumo umeshawakata

Fomu yenu ni ndefu, wenyewe mnaijua. Kuna sehemu ya alama za mtihani, kuna matokeo ya shule, kuna barua ya mwalimu, halafu kuna lile boksi la kueleza kwa nini unataka kuwa daktari, maneno yasizidi 500, na linahesabu kweli maana ukifika la 501 linagoma. Binti alikesha na lile boksi. Aliandika habari za kidonda cha mguu cha bibi yake mwenye sukari, alivyokuwa anakisafisha na kubadilisha bandeji, alivyojifunza kuangalia pembeni kama ngozi imeanza kuwa nyeusi, na siku harufu ilipobadilika akajua hapa sio pa nyumbani tena, akagoma kusikiliza watu wazima waliokuwa wanasema tusubiri kesho, bibi akapelekwa hospitali usiku ule ule. Alifuta akaandika, akafuta akaandika, mpaka yakaenea. Akalipa. Ikaja mesej, ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa. Basi ikawa kila akiamka kabla hata ya kunawa uso anafungua simu anaangalia, linashughulikiwa, kesho tena linashughulikiwa, mpaka siku moja pakaandikwa halikufanikiwa, na chini yake asante kwa kuchagua chuo chetu.

Baadaye mtu mmoja wa ofisini, na namshukuru kwa sababu ndiye pekee aliyenijibu kiutu, akaniambia kwenye simu kwamba chini ya alama fulani mfumo haufungui hivyo vitu vingine kabisa. Yaani barua ya mwalimu haikusomwa, boksi halikusomwa, habari za bibi hakuna aliyezisoma, na hiyo alama fulani haipo popote kwenye tangazo lenu. Tangazo linasema kila mwombaji ataangaliwa kwa ujumla wake.

Sasa waheshimiwa, hapo mnaitaje? Mtu kalipia kazi ya kusomwa na hakusomwa. Kama mna kikomo kiandikeni juu kabisa ya fomu, chini ya alama hizi usiombe, basi, itauma lakini mtu anaokoa hela yake na miezi yake. Na wala sio jambo la ajabu, Uingereza vipo vyuo vya udaktari vinavyotangaza alama ya chini ya mtihani wa UCAT waliyoitumia mwaka uliopita kuita watu kwenye usaili, mwombaji anaiangalia anapima mwenyewe. Marekani chama cha vyuo vya udaktari, AAMC, kinatoa kila mwaka jedwali linalopanga waombaji kwa alama za MCAT, mtihani wao wa kujiunga udaktari, upande mmoja na wastani wa masomo ya chuo upande mwingine, unaangalia kwenye mstari wako unaona waliokuwa kama wewe katika kila mia walipata wangapi. Ukilisoma lile jedwali unajifunza mambo mawili ambayo hakuna ofisi ya udahili iliyowahi kuniambia: kwamba wapo wenye alama za juu kabisa waliokosa, na wapo wenye alama za chini waliopata, wachache lakini wapo. Hiyo ndo taarifa mtu anaihitaji, sio yale maneno ya jitahidini na Mungu atafungua njia.

2. "Umefuzu" yenu haina maana yoyote

Hapa ndo nilisema ntarudi. Binti aliandikiwa amefuzu. Nyumbani tulifurahi, ndugu wakapigiwa simu, na hakuna aliyetuambia kwamba kufuzu maana yake ni kuruhusiwa kuingia kwenye foleni tu na foleni yenyewe ni ndefu kuliko viti mara nyingi.

Mfano mkubwa kuliko yote ni India, na nautaja kwa sababu takwimu zake ziko wazi kwa kila mtu. Mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 2.3 walifanya mtihani wa NEET wa kuingia udaktari, karibu milioni 1.3 wakatangazwa wamefuzu, na nafasi za shahada ya udaktari nchi nzima zilikuwa laki moja na kidogo. Kwa mtu wa kundi la kawaida, yaani asiye kwenye makundi yaliyotengewa nafasi, kufuzu ni kufika nusu ya juu ya waliofanya. Kwa hiyo nusu ya taifa la waombaji inaambiwa hongera, halafu zaidi ya watu tisa katika kila kumi kati ya hao hongera hawana kiti. Nani ananufaika na hongera ya namna hiyo? Wenye tuisheni wananufaika, madalali wananufaika, na ada za maombi zinaingia.

Halafu hiyo alama ya kufuzu yenyewe inasogea kufuata viti. Huko huko India mwaka 2023 kwenye mtihani wa kuingia masomo ya ubingwa walishusha kigezo mpaka pasentaili sifuri, yaani kila aliyefanya alihesabika anastahili, kwa sababu viti vilikuwa vinabaki wazi. Sisemi walikosea au walipatia. Nasema kikomo kinaweza kushuka mpaka sifuri viti vikibaki, basi msitueleze kila siku kwamba kikomo ni mpaka kati ya anayeweza udaktari na asiyeweza, semeni ukweli kwamba ni hesabu ya viti.

3. Mnampa mtu maisha au mnamnyima kwa tofauti ambayo mtihani wenyewe hauwezi kuipima

Hili naomba mlisome taratibu, hasa nyie wataalamu ambao mnajua vipimo kuliko sisi.

Kila kipimo kina kupishana. Presha ya mtu ukiipima sasa hivi na ukiipima baada ya dakika kumi haitoki ile ile, na hakuna daktari anayemwanzishia mtu dawa ya maisha kwa kipimo kimoja kilichozidi kwa namba moja. Mtihani wa MCAT unaanzia alama 472 mpaka 528, katikati ni 500, na wenye mtihani wenyewe wanaandika kwenye matokeo kwamba jumla ya mtu inaweza kupishana pointi 2 juu au 2 chini. Kwa hiyo mwenye 499 na mwenye 501, kwa maneno ya waliotunga mtihani, hamuwezi kusema nani zaidi. Lakini mfumo ukikata kwenye 500 mmoja anaendelea mwingine anatupwa, na huyo wa kutupwa anaenda kuishi anaamini hana akili ya udaktari. Nimemuona mtu anavyobadilika akishaamini hivyo. Anaacha hata kufungua vitabu vya biolojia alivyokuwa anavipenda.

Na mitihani yenyewe inabadilishwa. BMAT, mtihani mwingine wa kujiunga, ilitumika miaka mingi kuchuja watu kwenye vyuo vikubwa, mwaka 2023 ndo ikawa mwisho wake. UCAT ilikuwa na sehemu ya kutambua mpangilio wa maumbo, watu wamekosa nafasi kwa sababu ya maumbo yale, kuanzia 2025 sehemu hiyo imeondolewa. Ni sawa, kuboresha ni vizuri, ila aliyekatwa kwa kipimo mlichokuja kukiweka pembeni mlimwambia nini?

Najua mtajibu kwamba utafiti unaonyesha alama za kujiunga zinatabiri. Nakubali, zinatabiri kiasi, na zinatabiri zaidi ile miaka ya mwanzo ya darasani, anatomia, fiziolojia, biokemia, pamoja na mitihani ya karatasi inayofuata. Ukishafika wodini, kwenye kuongea na mgonjwa na kumsikiliza na kushika mkono kwa adabu, nguvu ya zile alama inapungua. Hayo mnayajua ndo maana mmeweka usaili. Chuo cha McMaster cha Canada ndo kilikuja na ule usaili wa vituo vifupi vifupi, mwombaji anazunguka kituo baada ya kituo na kila kituo ana mtu mwingine wa kumpima, vyuo vingi duniani vikaiga, na chuo hicho hicho kwenye MCAT kinaangalia ile sehemu ya kusoma na kuchambua tu, hizo nyingine hakizitumii kupanga watu. Kwa hiyo njia zipo. Kinachonikera ni kununua njia nzuri halafu kuiweka nyuma ya mlango ambao wenye alama ndogo hawafiki.

Na alama ndogo zinatoka wapi? Wakati mwingine ni kweli mtu hajui, tusidanganyane. Lakini wakati mwingine ni mtu anayefanya mtihani wa kompyuta kwa mara ya kwanza maishani, kwa lugha yake ya tatu, mtihani wenye kupunguziwa alama ukikosea na yeye hajawahi kufundishwa lini aruke swali na lini abahatishe. Mwenzake amekaa kwenye kozi ya maandalizi mwaka mzima, amefanya mitihani ya majaribio mpaka amechoka, na akipata ndogo anarudia. MCAT mtu anaruhusiwa mara 3 kwa mwaka na mara 7 katika maisha yake, na kila mara ni kulipa. Mwenye hela ana mara saba. Asiye na hela ana moja, na hiyo moja ndo mnaiita uwezo wake.

4. Alama ndogo yenye hela inapita, alama ndogo isiyo na hela haipiti

Hii naisema kwa kifupi kwa sababu kila mtu anaijua na hakuna anayetaka kuiandika. Kwenye nchi nyingi zipo nafasi za kulipia kikamilifu, nafasi za wanaotoka nje, nafasi za menejimenti, majina ni mengi. Kikomo cha alama kwenye nafasi hizo mara nyingi ni kidogo, wakati mwingine kidogo sana, na ada ni kubwa sana. Sasa mtu yule yule mnayesema akiingia viwango vitashuka, mzazi wake akiwa na uwezo viwango havishuki? Wagonjwa atakaowatibu ni wengine? Mimi sina ugomvi na mzazi anayemlipia mwanae, hata mimi ningekuwa nazo ningelipa. Ninachotaka ni mtangaze alama za chini za kila aina ya nafasi, mziweke kwenye ukurasa mmoja, watu waone.

5. Mkikaa kimya wanaongea madalali

Siku chache baada ya matokeo simu zilianza. Sijui namba wanaipata wapi. "Dada, tunajua binti hajafikisha, usijali, nje ya nchi kuna nafasi ya uhakika, hakuna mtihani, lipa kianzio." Wana picha za majengo mazuri, wana jibu la kila swali, wanapokea simu hata usiku, na hiyo ndo tofauti yao na ofisi zenu. Mlezi aliyechanganyikiwa atamsikiliza nani, anayepokea simu au anayesema subiri kamati?

Wanakuonyesha kwamba chuo kimo kwenye ile orodha ya vyuo vya udaktari vya dunia. Imenichukua muda kujua kwamba kuwemo kwenye orodha ile sio ithibati, orodha yenyewe imeandika hivyo, na kwamba baraza la madaktari la nchi unayotaka kufanyia kazi ndo lenye neno la mwisho. India tangu 2018 hata anayeenda kusoma udaktari nje lazima awe amefuzu NEET kwanza, na akirudi kuna mtihani mwingine unamsubiri, kwa hiyo aliyeambiwa hakuna mtihani amedanganywa pande zote mbili. Mambo haya mngeyaandika kwenye barua ya kumkataa mtu, mistari mitano tu, mngeokoa nyumba ngapi zinazouza vitu vyao kulipia chuo ambacho shahada yake haitasajiliwa.

6. Hakuna njia ya pili, na ile mnayoitaja mnaitaja kwa dharau

Binti aliambiwa "kama udaktari umeshindikana nenda hata uuguzi." Hata uuguzi. Hilo neno "hata" limeniuma kwa niaba ya kila muuguzi niliyewahi kumuona akimgeuza mgonjwa saa tisa usiku. Uuguzi, famasi, maabara, uafisa tabibu, hizo ni taaluma zenye watu waliozichagua, sio kapu la mliowakataa. Kama kweli kuna njia ya mtu kuanzia huko akaja kuingia udaktari baadaye, ielezeni kwa adabu na kwa masharti yake yote: miaka mingapi, wastani gani, viti vingapi. Kama haipo msiitaje.

Wenzenu wametengeneza njia ya pili ya kweli. King's College London tangu 2001 wana programu ndefu ya udaktari, miaka 6 badala ya 5, kwa ajili ya vijana wa shule za kawaida wenye alama za chini kidogo ya zinazotakiwa, wanapewa muda zaidi mwanzoni na msaada zaidi, ila mtihani wa mwisho ni ule ule wa wenzao na wengi wamehitimu. Ujerumani mahakama ya katiba iliamua Disemba 2017 kwamba utaratibu wa udahili wa udaktari kwa sehemu ulikuwa unakiuka katiba, na katika mambo waliyoyakataa ni chuo kumchagua mtu kwa alama za kumaliza shule peke yake. Jimbo la Nordrhein-Westfalen likaanzisha 2019 nafasi maalumu kwa wanaokubali kwenda kufanya udaktari wa vijijini miaka 10, na hapo alama za shule ni sehemu tu, uzoefu wa kazi za afya unahesabiwa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeshauri mwaka 2010 na likarudia 2021 kwamba vyuo vichukue vijana waliokulia vijijini kwa sababu hao ndo wana uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Shirika hilo hilo linakadiria dunia itapungukiwa wahudumu wa afya takriban milioni 11 ifikapo 2030. Na vijana wa vijijini ndo hao hao ambao mara nyingi alama zao ni ndogo. Mkiwakata kwa alama peke yake kabla hamjaangalia wametoka wapi, ushauri huo mmeutupa.

Majibu ninayoyategemea

Mtasema waombaji ni wengi na hamuwezi kusoma kila faili. Naelewa kabisa. Basi msitoze ada ya kusoma kila faili, na msiandike mtamwangalia kila mtu kwa ujumla wake. Uholanzi kwa miaka mingi walikuwa wanakubali wazi kwamba wanaofaa ni wengi kuliko viti, wakaendesha bahati nasibu ambayo mwenye alama kubwa alikuwa na nafasi kubwa zaidi lakini wa chini yake naye jina lake limo, wakaifuta 2017, baadaye sheria ikaruhusu tena vyuo viitumie. Sisemi mwige. Nasema wale walimwambia mtu: ulikuwa unafaa, viti viliisha. Nyie mnamwacha aamini hafai.

Mtasema wagonjwa watakufa tukilegeza. Hakuna aliyesema mlegeze. Mitihani ya ndani ibaki pale pale, asiyeweza asapu, yaani arudie mtihani, akishindwa adisko, yaani aondolewe chuoni, na mtihani wa leseni uwe ule ule kwa wote. Mnaoogopa kwamba wa alama ndogo watapita bila kujua kazi, mnakiri kwamba mitihani yenu ya miaka mitano haina uwezo wa kumgundua asiyejua, na kama ndivyo basi tatizo ni kubwa kuliko udahili.

Mtasema mambo ya kamati ni siri ili kulinda haki. Tokyo Medical University mwaka 2018 iligundulika kwamba kwa miaka mingi walikuwa wanapunguza alama za wanawake kwenye mtihani wa kujiunga ili wasiingie wengi, wasichana walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa kumbe wamekatwa kalamuni. Siri ndo ililinda jambo lile likae muda wote huo. Siwatuhumu nyie kwa kitu kama hicho, sina ushahidi na sitaki kumsingizia mtu. Ila mtu asiyeonyeshwa hesabu ana haki ya kuomba aonyeshwe.

Na mtasema mkitangaza nafasi halisi vijana watakata tamaa. Waheshimiwa, vijana hawa mnataka waje kusimama mbele ya mgonjwa wamwambie ukweli kuhusu saratani yake. Waambieni na wao ukweli kuhusu alama zao.

Tunachoomba

Kwanza, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, tangazeni kikomo cha alama kwa kila aina ya nafasi, za serikali, za kulipia, za makundi maalumu. Kama hakuna kikomo andikeni hakuna, na iwe kweli hakuna.

Pili, kila mwaka toeni jedwali la mwaka uliopita: katika kila kundi la alama waliomba wangapi, walioitwa usaili wangapi, waliopata wangapi. Namba tu, bila majina. Hamhitaji bajeti, mnazo tayari kwenye mfumo.

Tatu, ambaye mfumo umemkata bila faili kufunguliwa arudishiwe ada yake. Hili ntalisimamia mpaka mwisho.

Nne, barua ya kukataliwa iseme mtu kaishia hatua gani. Alama? Usaili? Viti vimeisha? Na iseme njia halali zilizobaki, pamoja na onyo kuhusu vyuo visivyotambuliwa.

Tano, walio karibu na kikomo, ndani ya ule upishano wa mtihani wenyewe, mafaili yao yasomwe na watu. Sio wote, hao tu wa pembeni ya mstari.

Sita, kaeni mfikirie mwaka wa maandalizi au programu ndefu kwa wenye alama ndogo waliotoka kwenye shule zisizo na walimu wa sayansi, hata iwe viti vichache, na matokeo yao ya mwisho yatangazwe ili tujue kama inafanya kazi. Isipofanya kazi ifungwe.

Na malalamiko yapewe mtu mwenye jina, cheo na siku ya mwisho ya kujibu.

Binti anajiandaa kurudia mtihani. Safari hii kabla hatujalipa ada yoyote ntaandika kwenye kila chuo tutakachotaka kuomba, niulize swali moja tu, kikomo chenu cha alama ni ngapi, na majibu yatakayokuja pamoja na yasiyokuja ntayaweka hadharani hapa hapa nilipoiweka barua hii, chuo kwa chuo. Walezi na waombaji wengine wanaosoma nawaomba mfanye hivyo hivyo, muulize kwa maandishi na mtunze risiti zenu za ada.

Natanguliza shukrani kwa majibu yenu.

Wenu mtiifu,
Mlezi wa mwombaji

Nakala kwa:
Mabaraza yanayosajili madaktari
Wizara zenye dhamana ya elimu na afya
Waombaji wote waliowahi kuandikiwa "halikufanikiwa" bila kuambiwa kwa nini